Afya ya Nyumba: Karatasi ya Damu na Jinsi ya Kuisoma



Ni chache siku hizi nyumba zisizokuwa na karatasi ya hospitali iliyokunjwa na kutiwa ndani ya mtoto wa meza, pamoja na vyeti vya watoto na risiti za zamani. Juu yake pana safu ya herufi za kigeni, kando yake tarakimu, na pengine kishale kinachoelekea juu au chini. Mwenye karatasi huambiwa, "Damu yako ndogo," akapewa chupa ya dawa au pakiti ya vidonge, akarudi nyumbani. Baada ya miezi miwili huenda tena akaambiwa maneno yale yale. Tumeona yafaa mwezi huu tuifungue karatasi hiyo, hasa mahali pale panapohusu chembe nyekundu, kwani mna mambo ambayo bibi na bwana wa nyumba wanaweza kuyafahamu bila ya kuwa matabibu, na kwa kuyafahamu wakajua la kuuliza.

Tutangulize hili: "damu ndogo" si jina la ugonjwa. Ni habari tu, kama vile mtumishi aje aseme kwamba maji ya pipa yamepungua. Mwenye nyumba mwenye akili hatasema, "Jaza," akalala. Atauliza: je, mfereji hauleti maji? Au pipa lina tundu? Au kuna anayeyamwaga? Damu nayo hupungua kwa njia hizo hizo. Huenda mwili hauitengenezi ya kutosha, huenda inapotea, huenda inavunjwa kabla ya wakati wake. Karatasi ya damu ikisomwa vizuri huonyesha njia ipi ya kufuatwa.

Tone la damu lililo kadiri ya kichwa cha pini mna ndani yake chembe nyekundu zipatazo milioni tano. Mholanzi Jan Swammerdam ndiye anayetajwa kuwa aliziona kwa hadubini mwaka 1658, katika damu ya chura, na Mholanzi mwenziwe, Antonie van Leeuwenhoek, akazieleza za binadamu mwaka 1674. Kila chembe ina umbo la kisahani kilichobonyea pande zote mbili, mfano wa kitumbua kilichobonyezwa katikati kwa vidole viwili. Haina kiini, wala haizai. Hutengenezwa katika uboho ulio ndani ya mifupa, huzunguka mwilini muda wa siku 120 hivi, kisha huvunjwa, na chuma kilichokuwa ndani yake hukusanywa kikatumika tena kwa chembe mpya. Katika kila sekunde moja mwili wa mtu mzima hutoa chembe mpya zipatazo milioni mbili, awe macho au amelala. Subhanallah! Kazi ya chembe hizi ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha kila pembe ya mwili, na kitu kinachoishika oksijeni ndicho hicho kiitwacho hemoglobini, ambacho hakiwezi kutengenezwa pasipo madini ya chuma.

Basi katika karatasi, kipimo cha kwanza kukitazama ni kile kilichoandikwa Hb. Hicho ndicho kipimo cha hemoglobini, nacho huhesabiwa kwa gramu katika kila desilita, yaani sehemu ya kumi ya lita. Kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, mwanamume mzima aliye chini ya 13 ana upungufu wa damu. Mwanamke asiye na mimba, chini ya 12. Mja mzito, chini ya 11, na katika miezi ya kati ya mimba chini ya 10.5, kwa sababu wakati huo maji ya damu huongezeka kuliko chembe, hata damu ikawa nyepesi. Ikishuka chini ya 8 kwa mtu mzima, au chini ya 7 kwa mja mzito na mtoto wa chini ya miaka mitano, huo ni upungufu mkali, na si jambo la kungojea kesho. Tusibabaike kwa tofauti ndogo: aliyepimwa kidoleni leo akapata 11.2, na kesho akapimwa kwa damu ya mshipa akapata 10.9, hakupoteza kitu. Aliyetapika na kuharisha mpaka mwili ukakauka maji huenda kipimo chake kikaonekana kizuri kuliko ilivyo kweli.

Watu wengi huishia hapo kwenye Hb, na hapo ndipo penye hasara. Ushuke mstari miwili mitatu utaona herufi MCV. Kipimo hiki huonyesha ukubwa wa chembe, na kwa maoni yetu ndicho chenye faida kubwa kupita vyote vilivyobaki katika karatasi. Tabibu Maxwell Wintrobe wa Marekani ndiye aliyetuwekea mlango huu: mwaka 1929 alieleza kijibomba cha kioo cha kupimia fungu la chembe katika damu, na kutoka hapo akaonyesha jinsi ya kupata ukubwa wa chembe moja kwa hesabu. Mwaka 1953 Mmarekani mwingine, Wallace Coulter, alipata hati ya mashine inayozipitisha chembe moja moja katika tundu jembamba lenye umeme; kila chembe ipitapo umeme hushtuka kidogo, na mshtuko huwa mkubwa kwa kadiri ya ukubwa wa chembe. Mashine nyingi za hospitali zetu hata leo zinafuata njia hiyo.

Ukubwa wa kawaida ni baina ya 80 na 100. Chembe zikiwa chini ya 80 ni ndogo, na sababu iliyo kubwa ni kukosa chuma: uboho unataka kujaza hemoglobini ndani ya chembe lakini hauna cha kujazia, basi hutoa chembe ndogo zilizopauka, kama mwokaji aliyepungukiwa na unga akaoka mikate midogo. Zikipita 100 ni kubwa, na hapo tabibu hufikiri upungufu wa vitamini B12 au wa asidi ya foliki, au maradhi ya ini, au baadhi ya dawa anazotumia mgonjwa. Zikiwa za ukubwa wa kawaida na huku Hb iko chini, huenda mtu ametokwa na damu nyingi siku za karibuni, au ametoka katika homa ya malaria, au ana maradhi ya figo, kwani figo ndizo zinazoutumia uboho habari ya kuzidisha kazi.

Mtu mwenye chembe kubwa akinywa dawa ya chuma mwaka mzima hatapata faida. Na hata mwenye chembe ndogo, si kila mara chuma ndicho anachokosa. Katika mwambao wetu wa Afrika ya Mashariki imeenea hali ya kurithi iitwayo talasemia ya alfa, ambayo aghlabu haimdhuru mtu ila huzifanya chembe zake kuwa ndogo tangu kuzaliwa kwake. Huyu chembe zake ni ndogo lakini ni nyingi, na zote zafanana. Mwenye kukosa chuma chembe zake ni ndogo, chache, na hazilingani, hii kubwa hii ndogo, na kipimo cha RDW, ambacho ndicho kipimo cha kutolingana, hupanda. Panapokuwa na shaka huulizwa kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma iliyomo mwilini. Feritini ikiwa chini, jambo limekwisha: chuma hakuna. Lakini mtu akiwa na homa au uvimbe ndani ya mwili, feritini hupanda kwa ajili ya ugonjwa, na akiba ikadhaniwa kuwapo nayo haipo.

Sasa twaomba ruhusa ya kusema wazi, kwani katika kujifunza dini yetu hatukuona haya kuyataja mambo haya, basi haifai kuyaonea haya mbele ya tabibu. Kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, tundu la pipa lililo kubwa ni hedhi. Tufanye hesabu. Mililita mbili za damu zina kiasi cha miligramu moja ya chuma. Mwanamke anayetokwa na mililita 80 kwa mwezi, ambacho ndicho kiasi kinachohesabiwa kuwa kingi, hupoteza kwa damu hiyo peke yake kiasi cha miligramu 40. Chakula chetu, hata kikiwa kizuri, mwili huchukua ndani yake miligramu moja au mbili tu za chuma kwa siku, na karibu miligramu moja kila siku huondoka kwa njia nyingine za kawaida. Hesabu haitoshi. Kila mwezi mwanamke huyu huingia katika deni, na deni hulipwa kutoka akibani, mpaka akiba ikaisha. Ndipo Hb huanza kushuka. Yaani siku ile aliyoambiwa damu yake ndogo, chuma kilikwisha zamani.

Katika jambo hili mwanamke wa Kiislamu ana elimu ambayo haitumii. Tangu alipobaleghe alifundishwa kuzihesabu siku zake kwa ajili ya sala na saumu. Anajua kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii uchache wa hedhi ni usiku na mchana mmoja, na aghlabu yake ni siku sita au saba, na upeo wake ni siku 15, na ipitayo hapo ni istihadha yenye hukumu nyingine. Anajua siku ngapi za Ramadhani anazodaiwa. Hesabu hiyo iliyomo kichwani mwake ndiyo ile ile tabibu anayoitafuta! Lakini afikapo hospitali, mumewe au mkwewe amesimama kando, akiulizwa juu ya siku zake hujibu, "Kawaida tu," na mlango ukafungwa. Twawausia dada zetu waiandike: ni siku ngapi, hubadilisha mara ngapi kwa siku, je, hulazimika kubadilisha kila saa moja au mbili, je, hutoka mabonge, je, huamka usiku kwa ajili hiyo. Na waume wawape wake zao nafasi ya kusema, watoke nje au wawatafutie tabibu wa kike. Wako wanawake waliokunywa vidonge vya chuma miaka mitatu kwa sababu ya uvimbe wa kizazi ambao hakuna aliyewauliza dalili zake.

Mwanamume mzima, na bibi aliyekwisha kukoma hedhi, wakionekana na chembe ndogo na akiba ya chuma imekwisha, jambo hilo ni zito zaidi. Hawana njia ya kawaida ya kupoteza damu. Basi ni lazima ifikiriwe kwamba inatoka tumboni kidogo kidogo pasipo kuonekana, kwa kidonda cha tumbo, au kwa kumeza aspirini na dawa za maumivu kila siku, au kwa saratani ya utumbo inayoanza. Mzee wa namna hii kupewa dawa ya kuongeza damu na kuambiwa, "Ni uzee," ni kumdhulumu. Uzee hauli damu. Aulizwe juu ya rangi ya choo chake, na atafutiwe sababu mpaka ipatikane.

Kwa watoto, wazee wetu waliujua upungufu huu kwa jina la safura, na walikwisha kuona kwamba safura na kula udongo hufuatana. Siku hizi twajua kwamba minyoo ya safura huingia kwa ngozi ya miguu iliyo pekupeku, hujishika katika utumbo na kunyonya damu, na kwamba tamaa ya kula udongo huwashika wengi waliopungukiwa na chuma, pamoja na waja wazito wanaonunua udongo wa kula sokoni. Mama akiiona tamaa hiyo asigombe, apeleke mtoto akapimwe damu na choo. Kichocho nacho, kinachosumbua Unguja na Pemba na sehemu nyingi za bara, humtoa mtoto damu kwa njia ya mkojo.

Juu ya chakula na dawa tutasema machache. Wekundu wa kinywaji si wekundu wa damu. Maji ya rozela yana ladha nzuri, lakini mwenye kuyategemea peke yake atangoja sana. Maini, nyama, samaki na dagaa vina chuma ambacho mwili hukichukua kwa urahisi; chuma cha kunde na mchicha huchukuliwa kwa uchache, ila huzidi pakikamuliwa ndimu au likafuatishwa chungwa. Chai hukizuia chuma, na sisi watu wa pwani chai ndiyo tunayoshushia chakula! Hatusemi iachwe, icheleweshwe saa moja au mbili. Vidonge vya chuma navyo visimezwe kwa chai wala maziwa. Vitageuza choo kuwa cheusi, na hilo lisimtishe mtu. Kama kweli chuma ndicho kilichokosekana na tundu limezibwa, Hb itapanda kiasi cha gramu mbili katika wiki tatu au nne. Isipopanda, irudiwe kutafutwa sababu, na si kuzidisha dawa. Ikisha kufika mahali pake dawa huendelezwa miezi mitatu hivi ili akiba ijae. Na vidonge hivyo viwekwe juu kabisa, kwani mtoto mdogo akivila vingi kwa kudhani ni peremende, vyaweza kumwua.

Limebaki jambo la selimundu, ambalo wengine huliita sikoseli, nalo ni la damu kuvunjwa kabla ya wakati. Tabibu James Herrick wa Chicago alilieleza kwa mara ya kwanza katika majarida ya tiba mwaka 1910, alipoona katika damu ya kijana aliyetoka Grenada chembe zilizopinda kama mundu. Chembe ya namna hii haiishi siku 120. Huishi 10 mpaka 20 tu, na kwa ugumu wake huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa. Mtoto huzaliwa salama, kwa kuwa hemoglobini ya tumboni mwa mama humkinga miezi ya mwanzo. Kisha, karibu na mwezi wa sita, vidole vya mikono na miguu huvimba, macho hugeuka manjano, na Hb hukaa baina ya 6 na 9. Wangapi walipelekwa kwa waganga wa ramli, ikasemwa ni jini au jicho la jirani!

Fundi wa maabara huweza kuziona chembe hizi kwa hadubini. Lakini yafaa ijulikane kwamba kile kipimo cha haraka cha selimundu huonyesha "ipo" kwa mgonjwa na kwa mbebaji pia, hakiwatenganishi. Kinachowatenganisha ni kipimo cha kuzichambua aina za hemoglobini, ambacho majibu yake huandikwa kwa herufi: AA ni mzima, AS ni mbebaji, SS ni mgonjwa. Mbebaji hana ugonjwa, hufanya kazi zake na kuishi kama wenziwe. Tena ana kinga: Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipowapima watu wa Kenya na Uganda aliona kwamba wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria na ni wachache katika nyanda za juu zenye baridi, na mwaka 1954 akaonyesha kuwa hali hiyo humkinga mtu na malaria kali. Ndiyo sababu imebaki kwetu kwa wingi.

Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina fungu moja katika manne la kupata mtoto mgonjwa. Fungu la kila mzazi ni sawasawa. Twalisema hili kwa mkazo, kwa sababu wako wanawake walioachwa, wakaambiwa kizazi chao kina ila, hali nusu ya ugonjwa wa mtoto imetoka kwa baba aliyetoa talaka. Dini imetuhalalishia kuoa binti wa ami na binti wa mjomba, wala hatuna la kusema juu ya alilolihalalisha Mwenyezi Mungu; ila ukoo ukiwa na selimundu, uwezekano wa wabebaji kukutana ndani yake ni mkubwa, basi kupima kabla ya posa ni katika kuangalia mambo kwa busara. Saudi Arabia imelifanya kuwa sharti tangu mwaka 2004: wanaotaka kuoana hupimwa na kuelezwa majibu, kisha uamuzi huachwa mikononi mwao, hawakatazwi. Nasi twaona wazee wanaokaa kuzungumza mahari wanaweza pia kuzungumza herufi mbili za karatasi. Na ambaye amekwisha kuzaa mtoto mwenye ugonjwa asikate tamaa, kwani zipo dawa kama hidroksiurea na kinga za maambukizo zinazowawezesha watoto hao kukua na kusoma. Ila vidonge vya chuma asipewe mpaka ionekane kwa kipimo kwamba amepungukiwa nacho.

Kwa wanaouliza juu ya Ramadhani: kutolewa damu kidogo ya kupimia hakufunguzi mwenye saumu katika madhehebu yetu ya Shafii, kama vile kuumika hakumfunguzi, ijapokuwa kuumika kumechukizwa kwa sababu ya kumdhoofisha mtu, Mahanbali ndio wasemao kuumika hufunguza. Anayetaka kuumika, katika Ramadhani au nje yake, ajue kwanza Hb yake ni ngapi. Mja mzito aliyeambiwa kwamba damu yake imeshuka sana na kuhofiwa yeye au mtoto wake ana ruhusa ya kutofunga, na atalipa. Aende kwa shehe wake na karatasi mkononi, apate kuelezwa hukumu ya kulipa kwake na kama ana fidia juu yake.

Chini ya mistari hii ya chembe nyekundu, karatasi ina fungu la pili la tarakimu, la chembe nyeupe. Hilo, Mungu akipenda, tutalifungua mwezi ujao.